Barabara itangulie nyumba: maoni yangu kuhusu viwanja vipya vya Goma

Katika viwanja vipya vya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, njia ndiyo hufikiriwa mwisho. Mwenye shamba analikata vipande, shefu wa avenyu na kiongozi wa nyumba kumi wanashuhudia, pesa zinahesabiwa, mawe ya volkano yanapangwa kuwa ukuta, halafu ndipo watu wanaulizana gari litapita wapi. Utaratibu huo umepinduka, na katika mji huu unahatarisha maisha.

Tazameni mahali tulipo. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki, nyumba zinafika hadi mpaka wa Rwanda. Kaskazini ni volkano ya Nyiragongo, na barabara ya Rutshuru inapita chini ya mlima wenyewe. Magharibi ndiko inakoelekea barabara ya Sake. Kwa hiyo, volkano ikiamka, mlango wa kaskazini ndio wa kwanza kufungwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 22 Mei 2021: lava ilishuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini, ikaikata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru kartie (mitaa mikubwa) 10 kati ya 18 za mji zihamwe. Mamia ya maelfu ya watu wakatoka kwa pamoja, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wengine bandarini kutafuta boti, na wengi sana Sake, magari, pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na akina mama wenye magodoro kichwani, wote kwenye lami moja.

Foleni ile inakumbukwa na kila mtu. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuifikia lami mtu anapaswa kwanza kutoka kwake. Kuna avenyu zenye mdomo mmoja tu: unaingia hapo na kutoka hapohapo. Jirani mmoja akikwama kwenye mdomo na gari lililojaa vitu, nyumba zote za nyuma zimefungiwa ndani. Ndiyo maana nasema kila mtaa mpya uwe na njia mbili za kutokea, zinazoelekea pande tofauti, na zichorwe kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa.

Na si volkano tu. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na moto wa mbao haungoji. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, bila kuhesabu nafasi ya kukata kona wala ya watu kushuka na kuvuta mipira ya maji. Ukiliingiza kwenye njia ya mita 3, ambako mtu amejenga ngazi yake nje ya ukuta na mwingine ana geti linalofungukia barabarani, limekwisha. Mama mjamzito wa usiku naye anabebwa na mwanamotari, dereva wa pikipiki, juu ya mawe yale yanayorusha, kwa sababu ambulansi haiwezi kumfikia.

Najua jibu la wauzaji: ardhi ni ghali, kila mita ni pesa. Basi tuhesabu. Kiwanja chenye kina cha mita 20 kikitoa mita 2 kwa ajili ya njia, kimepoteza sehemu moja ya kumi. Wa ng'ambo akitoa mita 2 pia, njia ya mita 3 inakuwa ya mita 7. Magari mawili yanapishana na mtoto mwenye bido (dumu) la maji anapata pembeni pa kutembea. Sijaona hasara hapo, maana kiwanja kinachofikika kwa gari huuzwa bei nzuri kuliko kilichojificha nyuma ya kichochoro.

Majengo makubwa nayo nayasemea kwa ukali zaidi. Hoteli, shule, kituo cha mafuta au jengo la ghorofa linaleta watu mia kadhaa mahali palipokuwa na familia moja. Mwenye kulijenga aonyeshe kwenye ramani magari yataingilia wapi, yataegeshwa wapi ndani ya kiwanja chake, na wamotari watashushia wapi abiria. Lango lisiwe kwenye kona, ambako dereva haoni anayetoka. Shule isifungulie wanafunzi moja kwa moja kwenye lami ya malori. Iwaachie uwanja mdogo mbele ya geti wakusanyike kwanza. Asiyeonyesha hayo asipewe ruhusa ya kujenga.

Nguvu ya kudai hivyo ipo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya nchi hii ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia. Basi watu wa kadastri (wapimaji wa ardhi) na wa urbanismu (mipango miji) wafike shambani mapema, wapige mawe ya mpaka ya barabara kwanza, ndipo yafuate ya viwanja. Ukuta ukishasimama, kuubomoa ni ugomvi, fidia na machozi ya familia iliyoweka akiba yake yote humo. Huko Mugunga na kuelekea Sake bado kuna mashamba ambayo hayajakatwa. Hayo ndiyo ya kuanzia, mwaka huu, kabla wanunuzi hawajafika.