Senti 24 na Paa la Jiko

Fundi aliuliza washa ziko wapi, nami nikamjibu, "Barazani, mezani."

Yeye alikuwa juu ya paa la jiko, mimi mlangoni, kofia kichwani, nawahi Adhuhuri. Masika yalikuwa yanabisha hodi na bati la zamani lilishachoka. Nilikuwa nimenunua pakiti ya washa za raba, za kuweka chini ya vichwa vya misumari, nikazimimina kwenye kopo la maziwa, na kopo nikalisukuma chini ya meza ya barazani. Kwa hiyo sikumdanganya mtu. Nilisahau tu kusema "chini ya".

Juu ya meza hiyo, kwenye taulo jeupe, zilikuwa zimelala sarafu 24 za senti moja za Afrika Mashariki. Mduara, milimita 20, tundu katikati. Mtu akikuambia utafute washa ukakuta vitu hivyo, utaendelea kutafuta nini?

Kwa asiyezijua: hizi ni senti za bronzi, za kwanza zina tarehe ya 1922 na za mwisho 1962. Tundu linazungukwa na pembe mbili za ndovu upande mmoja, na upande wa pili kuna taji na jina la mfalme au malkia. Sura ya mtu hakuna, maana tundu limekaa pale ambapo uso ungekaa. Zilizotumika sokoni zimejaa kila droo ya bibi, na hizo hazina kazi kwa mkusanyaji kama mimi. Kazi ni kupata ambazo hazijawahi kuingia mfukoni. Ukitaka kujua, inamishe sarafu chini ya taa moja, uizungushe polepole: mng'ao utembee juu ya chuma kama mwanga juu ya maji, bila kukatika kwenye ncha za pembe wala juu ya taji, kwa kuwa hapo ndipo panapolika mwanzo. Kisha rangi. Bronzi mpya ni nyekundu, halafu inakuwa nusu nyekundu nusu kahawia, halafu kahawia tupu, na haina safari ya kurudi. Ukikuta senti ya 1924 inang'aa kama sufuria ya Idi, mtu ameisugua kwa ukwaju. Irudishe.

Halafu kuna herufi. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, I ya 1942 ni Bombay. Mwaka mmoja unaweza kukudai sarafu tatu: 1952 ina isiyo na herufi, ina H, ina KN. Na ukitazama maandishi, ya 1942 bado inamwita George wa Sita mtawala wa India. Ya 1949 imeshaondoa India. Daraja, yaani hali ya sarafu, tunalipima kwa kipimo cha 1 (iliyochakaa) hadi 70 (isiyo na dosari), ambacho Mmarekani William Sheldon alikibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Zangu nilizikadiria 63 hadi 65. Nasema "zangu" kwa mazoea.

Zilifikaje kwenye taulo? Nyingi zilikuja kwenye vifuko vya plastiki laini, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo ni PVC, inatoa tindikali polepole na kuacha utando wa kijani unaonata. Dawa yake ni asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ina mafuta na manukato. Bakuli tatu za kioo, za plastiki zinaweza kuyeyuka. Bakuli ya kwanza dakika tano, ya pili dakika mbili, ya tatu kuchovya tu na kutoa. Shika ukingo, usisugue, usipanguse, na fanyia nje, mbali na jiko la mkaa, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka. Ikitoka, inakauka ndani ya dakika moja, inaingia moja kwa moja kwenye kadi yake yenye dirisha la mailari (plastiki angavu isiyo na PVC), unabana kwa stepla na kulaza pini kwa koleo zisije zikamkwaruza jirani.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiruka. Nikasema acha zipumue kidogo, nikaswali kwanza. Tanga, hewa ya chumvi, nazipumzisha! Hata bila fundi nilistahili adhabu ndogo.

Nilirudi nikakuta taulo tupu na fundi anashuka ngazi, uso umejaa heri.

"Bosi, umenifanyia ustaarabu leo. Washa za shaba! Hizi hazishiki kutu maisha."

Nilitazama juu. Jua la saa saba lilikuwa linachezea paa, na kwenye bati vimetameta vidoto vyekundu, mstari kwa mstari. Saidia fundi alikuwa amezipokeza kuanzia kushoto, na mimi nilikuwa nimezipanga kwa miaka. Kwa hiyo George wa Tano alikuwa juu kabisa chini ya kofia ya paa, George wa Sita katikati, na Elizabeth wa Pili anashuka hadi karibu na gata. Katalogi nzima, tena pembe zimetazama juu. "Upande wenye maua ndio mzuri," alisema kijana.

Nilipanda ngazi nikiwa na kanzu.

Tatizo la bati la mawimbi ni kwamba msumari unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si kwenye bonde, maji yasipate njia. Sarafu ni bapa, mgongo ni duara. Ukigonga nyundo, sarafu inakubali umbo la mgongo na kuwa tandiko la punda. Kichwa cha msumari nacho kinakalia mizizi ya pembe, kinaisaga. Nikamweleza fundi kwamba hizi zilikuwa fedha. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Senti moja, bosi? Ishirini na nne? Hiyo hata robo shilingi haijafika."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na sikuwa na la kujibu.

Juu ya kutu alikuwa sahihi nusu. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, nayo yenyewe inavumilia. Lakini ukiilaza juu ya bati la paa, lililopakwa zinki, ukaongeza maji ya chumvi, umetengeneza betri. Zinki ndiyo inayoliwa: kwanza unga mweupe kuzunguka sarafu, kisha duara la kutu. (Bati ndani ya sarafu, bati chini ya sarafu, na yote mawili si kitu kimoja. Kiswahili nacho kilikuwa upande wa fundi siku hiyo.)

Sarafu tatu za kwanza tulizing'oa kwa makucha ya nyundo. Usifanye hivyo. Kucha moja lilipitia ukingo wa 1922 likaacha mtaro. Njia iliyofaa ilikuwa kuazima grenda, kusaga kichwa cha msumari mpaka kibaki karatasi, kukibandua kwa bisibisi na kuinua sarafu taratibu, huku saidia fundi akimwagia maji ili joto lisije likaichoma. Nilipata 14 hivyo, zote matandiko. Kuzinyoosha ni kuziharibu mara ya pili, na mpima daraja yeyote ataandika "imeharibiwa" bila namba. Kila tulipotoa, tulipiga msumari mpya wenye raba na kupaka lami, kwa raba za kwenye kopo. Fundi alilitazama kopo, akanitazama mimi, akanyamaza kiungwana.

Saba zilizokuwa upande wa ukuta wa jirani hazikufikika kwa grenda. Tukaziacha. Chuma juu ya chuma bila raba hakizibi maji, kwa hiyo mvua ya kwanza ilipopiga usiku wa Jumatano nilikuwa nimeshajua pa kuweka beseni. Nyumbani siku hizi hatusemi tena "jiko linavuja". Mke wangu anaita tu kutoka huko ndani:

"Baba Salma! 1952 KN imeanza tena!"