TEHAMA na idara nyingine: tatizo liko kwenye vipimo

Watu wa mauzo, uhasibu na masoko hulalamika kwamba TEHAMA ni wazito: kila ukiwaendea jibu ni "fungua tiketi", yaani andika ombi lako kwenye mfumo wao usubiri, au "haiwezekani". TEHAMA nao hulalamika kwamba wenzao huleta ombi saa kumi na moja jioni wakitaka liwe tayari kesho asubuhi, tena matangazo wanayotumiwa hawayasomi. Uongozi ukichoka na kelele huandaa semina ya mawasiliano. Semina haina ubaya, lakini watu hawa wakikutana kwenye korido wanataniana vizuri tu. Wanakosana kazini kwa sababu wanapimwa kwa mizani tofauti. Wa mauzo anaulizwa ameuza kiasi gani mwezi huu. Wa TEHAMA hapongezwi mfumo ukikaa mzima miezi 6. Jina lake hutajwa siku ulipogoma. Mmoja ana kila sababu ya kukimbia, mwenzake ana kila sababu ya kusema subiri.

Na hofu ya TEHAMA ina msingi. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilivamia kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za umma Uingereza, ambako maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa. Sasisho la programu la kuziba tundu la usalama lililotumika, Microsoft ilikuwa imelitoa tangu Machi. Kompyuta nyingi zilizopigwa hazikuwa nalo. Sasa mwombe mkuu wa idara asimamishe mashine zake nusu saa katikati ya wiki ili zisasishwe, usikie atakavyokujibu.

Au chukua idara ya masoko iliyochoka kusubiri. Inalipia kwa kadi ya kampuni huduma ya kutuma barua pepe, inapakia orodha nzima ya wateja, kazi inasonga. Kisha aliyefungua akaunti anaacha kazi na kuondoka na nenosiri. TEHAMA wanaitwa kuokoa kitu ambacho hawakuwahi kuambiwa kipo, na lawama wanabeba wao.

Hata hivyo, kanuni za TEHAMA nazo si msahafu. Kwa miaka mingi wafanyakazi walilazimishwa kubadilisha nenosiri kila baada ya siku 90. Waliolalamika waliambiwa ni usalama, basi wakawa wanaongeza tarakimu moja mwishoni, au wanaliandika kwenye karatasi na kulibandika chini ya kibodi. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kwa kalenda tu, bila dalili kwamba limevuja. Walalamikaji walikuwa na hoja muda wote huo, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuisikiliza.

Tiketi nazo zina mambo yake. Mhasibu anafunga hesabu za mwezi, ripoti haitoki. Anafungua tiketi, dakika chache baadaye anajibiwa azime kompyuta na kuiwasha tena, na tiketi inafungwa ikiwa imeandikwa "imetatuliwa". Ripoti bado haitoki. Anafungua ya pili, mambo ni yale yale. Kwenye takwimu za dawati la msaada, hapo kuna matatizo mawili yaliyomalizwa kwa kasi ya kupigiwa makofi. Lakini siungi mkono wanaotaka tiketi zifutwe. Zikifutwa, atakayehudumiwa kwanza ni mwenye cheo au mwenye urafiki na fundi, na hitilafu inayojirudia kila mwezi haitaonekana na yeyote. Ingetosha tiketi ifungwe na yule aliyeifungua.

Wapo wanaopendekeza mtaalamu wa TEHAMA akae ndani ya idara anayoihudumia. Kwa kasi na kuelewana, hakuna njia inayoizidi hii. Bei yake huonekana baadaye: anakuwa mtu wa idara, anaijengea mifumo yake, na siku uongozi ukitaka takwimu za kampuni nzima, za mauzo haziafikiani na za uhasibu.

Ugomvi huu uliwahi kuwa ndani ya TEHAMA yenyewe, kati ya wanaoandika programu na wanaoendesha seva. Vuguvugu la DevOps, lililopata jina lake mwaka 2009 kwenye mkutano uliofanyika Ghent, Ubelgiji, lilileta pande hizo mbili karibu. Baadhi ya kampuni zilikwenda mbali zaidi: aliyeandika programu ndiye anayeamshwa usiku ikianguka. Ningependa hilo livuke hadi idara nyingine. Kila mfumo uwe na mwenyewe katika idara inayoutumia, mtu anayejulikana kwa jina. Akikataa sasisho, atie saini kwamba amekataa. Upande wa pili, TEHAMA wapimwe kwa ripoti iliyotoka, wala si kwa tiketi iliyofungwa.

Wakuu wa idara hawatalipenda, maana leo hatari yote iko kwa jirani na wao wanabaki na haki ya kulalamika. Hapo uongozi ndio unapohitajika kuliko kwenye semina.