Uso wa Siddhartha, na mke aliyeachwa usingizini

Katika filamu ya The Message, iliyoongozwa na Moustapha Akkad na kutoka mwaka 1976, Mtume Muhammad haonekani wala sauti yake haisikiki. Hamza, ami yake, aliyeigizwa na Anthony Quinn, husema huku akiielekea kamera, na mtazamaji hujikuta amewekwa mahali pa yule asiyeonyeshwa. Mimi nimekulia pwani, katika nyumba ambamo filamu ile ilitazamwa kwa adabu karibu sawa na ya msikitini. Ndiyo sababu nilipoitazama Sri Siddhartha Gautama, filamu ya Kisinhala juu ya maisha ya Siddhartha, ndiye aliyekuja kuitwa Buddha, iliyotoka Sri Lanka mwaka 2013 chini ya mwongozaji Saman Weeraman, jambo la kwanza nililojiuliza halikuhusu hadithi bali uso: ni nani huyu aliyethubutu kuuvaa, na kwa nini waumini hawakukasirika?

Aliyeuvaa ni Gagan Malik, mwigizaji kutoka India, na nafasi ya Yasodhara, mkewe Siddhartha, ikachukuliwa na Mhindi mwenzake, Anchal Singh. Upande wa waumini, jibu ni kwamba Wabuddha wamezoea sanamu. Atembeaye Sri Lanka hukutana na Buddha wa mawe, wa shaba au wa plasta njia panda, mlangoni mwa shule na juu ya vilima. Hata hivyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika michongo ya kale ya Sanchi, katikati ya India, iliyochongwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, umbo la Buddha halimo kabisa. Yapo nyayo, kiti kitupu na mti. Usiku alioitoroka kasri umechongwa langoni upande wa mashariki kwa namna ambayo sijaisahau tangu nilipoiona pichani: farasi anatembea bila mtu mgongoni, na juu ya nafasi ile tupu mtumishi ameshikilia mwavuli wa kifalme. Akkad angemwelewa mchongaji yule bila kuhitaji mkalimani.

Kwa maoni yangu, filamu ya Weeraman imefanikiwa pale ilipouelekeza uzito wake kwenye maisha ya ujana, kabla mwana wa mfalme hajawa Buddha. Mwigizaji anaweza kumwigiza kijana wa Kapilavastu, mji wa baba yake, aliyezungushiwa raha ili asimwone mzee, mgonjwa wala maiti, kwa kuwa hofu na mapenzi ya kijana yule tunayo sote. Ila aliyekwisha kuzinduka na kuwa Buddha chini ya mti wa bodhi akiwa na umri wa miaka 35, akazimika tamaa na woga, ataigizwaje? Tamthilia huendeshwa na mtu anayekitaka kitu akakosa, na huyu hataki tena chochote. Filamu nyingi za waanzilishi wa dini hukwama hapo, mhusika akageuka sanamu inayotembea polepole huku muziki ukipanda. Hii nayo haikuliepuka kosa hilo kikamilifu. Kuna utukufu mwingi wa mavazi na mwanga kuliko nilivyohitaji.

Lakini sehemu yenye utajiri ni ya Yasodhara. Kwa mujibu wa mapokeo, Siddhartha aliondoka akiwa na miaka 29, usiku uleule mwanawe Rahula alipozaliwa. Alisimama mlangoni, akawatazama mama na mtoto wamelala, akaogopa kwamba akimnyanyua mtoto mama ataamka na safari itavunjika. Akaondoka pasipo kuaga. Msomaji yeyote wa Kiswahili, awe wa dini gani, atauliza swali ambalo bibi zetu wangeliuliza: na huyu mama mzazi je?

Wasinhala waliliuliza zamani. Wanayo mashairi ya mapokeo yaitwayo Yasodharavata, ambayo yanampa sauti mke aliyeachwa. Analia, anahesabu alichokosea, anamfuata mumewe kwa mawazo porini anakolala chini, na mwishowe, badala ya kumlaani, anamwombea afikie Ubuddha anaoutafuta. Katika masimulizi yao wawili hao wamekuwa mume na mke katika maisha mengi yaliyotangulia, kwa hiyo kuachana huku ni tawi moja tu la ahadi ndefu. Mtazamaji wa Colombo au Kandy anaingia ukumbini akiwa na mashairi hayo masikioni. Mimi sikuwa nayo, nikayatafuta baadaye, na nilipoirudia filamu, nyamazo za Anchal Singh zikawa na uzito ambao mara ya kwanza nilidhani ni upungufu wa uigizaji.

Jambo jingine linahusu wakati wenyewe. Vita vya Sri Lanka vya miaka 26 vilimalizika Mei 2009, na katika miaka ya jirani sinema ya Kisinhala ilijaa filamu kubwa za wafalme wa kale, majeshi na mataji. Filamu hii ilitoka katikati ya shangwe hizo, kwa bajeti na fahari za aina ileile, ikimsimulia mtu aliyekitupa kiti cha enzi na kukata nywele zake kwa upanga wake mwenyewe. Sijui kama waliotengeneza walikusudia ukinzani huo. Upo hata hivyo, na nadhani ndio unaoifanya filamu idumu kuliko wenzake waliojaa tembo wa vita.

Katika masimulizi, mtumishi wake Channa ndiye aliyetumwa arudi Kapilavastu na mapambo ya bwana wake, na farasi Kanthaka akafa kwa majonzi. Channa akaingia kasri peke yake, akiwa amebeba vito mikononi, na Yasodhara akawa wa kwanza kuelewa kabla hajaambiwa neno. Kwa mkutano huo ningetoa dhahabu yote ya filamu hii, nikapewa dakika kumi zaidi za uso wa Yasodhara.