Dawa kwa mtoto asiyeumwa

Kumpa antibayotiki mtoto mwenye afya ni jambo ambalo daktari yeyote angekukaripia. Jaribio la MORDOR lilifanya hivyohivyo kwa makusudi. Kuanzia 2014, huko Niger, Malawi na hapa kwetu Kilosa, Tanzania, watoto wa mwezi 1 hadi 59 walipewa dozi moja ya azithromaisini kila miezi sita. Matokeo ya 2018 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 13.5. Lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitoka Niger, asilimia 18. Tanzania haikufika hata asilimia 4, kiasi ambacho kinaweza kuwa bahati tu.

Wanaopinga ugawaji huu huhofia usugu, yaani bakteria kuizoea dawa hadi isiwaue. Kwa mama wa Niger, hoja hiyo ni anasa. Mwanawe anaweza kufa mwaka huu.

Ila gharama nayo ipo, na imepimwa. Baada ya miaka minne, vinasaba vya usugu dhidi ya kundi la azithromaisini vilikuwa mara 7.5 zaidi katika matumbo ya watoto wa vijiji vilivyopewa dawa. Vya usugu dhidi ya jamii ya penisilini viliongezeka pia, ingawa mpango haukugawa penisilini. Sababu inayodhaniwa ni kwamba vinasaba kadhaa hukaa pamoja kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana, hata wasio wa aina moja. Dawa ikikipa nafasi kinasaba kimoja, vingine vinapata lifti. Kutoka hapo husambaa kwa kinyesi, maji, mikono. Na dawa hii bado inahitajika: Pakistan, ambako taifodi sugu imeenea tangu 2016, azithromaisini ndiyo dawa ya kumeza iliyobaki kutegemewa.

Mwaka 2020 WHO ilitafuta suluhu ya kati: wapewe wachanga wa miezi 1 hadi 11 tu, penye vifo vingi. Ilionekana busara, mpaka jaribio la AVENIR la Niger, 2024, lilipoonyesha kuwa kuwapa wote hadi miezi 59 kunapunguza vifo kwa asilimia 14, na kuwapa wachanga peke yao hakuleti nafuu ya wazi. Yaelekea mchanga hukingwa na dozi ya kaka na dada zake, kwa kuwa wao ndio humwambukiza. Vinasaba vya usugu hupita njia hiyohiyo.

Niger ningegawa, kwa sharti kwamba usugu upimwe kila mwaka na kiwango cha kusimamisha kikubaliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kilosa nisingegawa: tungelipia usugu uleule kwa faida ambayo haijaonekana.