Chuo Kilichodisko Bila Sapu

Wiki iliyopita bomba la sinki lilipasuka jikoni kwangu, nikamwita fundi. Mzee wa miaka sitini na kitu, kofia nyekundu yenye herufi N, magoti yanalia kila akiinama. Akajiingiza chini ya sinki hadi nikabaki naona buti tu. Nikamuuliza timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska inaendeleaje. Hapa Lincoln, Nebraska, hiyo ndiyo salamu yenyewe. Ukimuuliza mtu habari za watoto atakujibu kwa neno moja. Ukimuuliza timu, vuta kiti.

Nilitegemea amseme kocha. Badala yake sauti ikatoka kabatini: "Mikosi ilianza walipotutoa AAU." Kimya kidogo, spana inakwaruza. "Utafiti wa mahindi hawakuutaka. Hospitali ya Omaha hawakuihesabu. Sasa ulitaka tupate wapi alama?"

Nimesimama pale nimemshikia tochi, mdomo wazi. Fundi bomba, ndugu zangu, amelala chali kwenye maji machafu, analalamika kwamba utafiti wa chuo kikuu ulihesabiwa vibaya.

Niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaniona mwenye akili. AAU ni chama cha vyuo vikuu vya utafiti, kilianzishwa Chicago mwaka 1900 na vyuo 14. Huombi kuingia, unaitwa. Wanatazama fedha za utafiti ulizozigombea na wenzako ukazipata, machapisho yako yananukuliwa kiasi gani, maprofesa wako wana tuzo gani. Big Ten nayo ni ligi ya michezo ya vyuo, ya tangu 1896. Jina linasema kumi, timu ziko 18, na msiniulize mimi, waliosoma hesabu ni wao. Hakuna kifungu kinachosema lazima uwe AAU ndipo uingie Big Ten. Lakini hesabuni wenyewe waliokaribishwa tangu Penn State mwaka 1990: Nebraska, Maryland, Rutgers, kisha wale wanne wa upande wa Pasifiki walioanza kucheza humo mwaka 2024, yaani UCLA, USC, Oregon na Washington. Wote walikuwa AAU siku walipokaribishwa. Wote!

Sasa kasheshe ya Nebraska. Juni 2010 walikaribishwa Big Ten, waanze Julai 2011. Aprili 2011, katikati hapo, AAU ikapiga kura na kuwatoa. Yaani posa imekubaliwa, mahari imepokelewa, kadi zimesambazwa, wiki chache kabla ya ndoa bwana harusi kafukuzwa kazi. Ndoa ilifungwa hivyo hivyo, na hadi leo kati ya wale 18 ni Nebraska peke yake asiye na kiti AAU. Mkuu wa chuo wakati ule, Harvey Perlman, alikuwa ameshasema anatilia shaka kama wangekubaliwa ligini bila huo uanachama.

Waliopita vyuo vya Bongo hapa hawahitaji tafsiri; wengine mjue kudisko ni kufukuzwa chuo kwa kufeli, na sapu ni mtihani wa marudio. Nebraska ilidisko. Mwanachama tangu 1909, miaka 102, na wa kwanza katika historia ya chama kutolewa kwa kura za wenzake. Hata sapu hakupewa. Sababu ni zile alizozisema fundi: chuo cha udaktari kiko Omaha chini ya uongozi wake, kwa hiyo utafiti wake haukuingia kwenye kapu la Lincoln, na fedha nyingi za utafiti wa kilimo hugawiwa kwa kanuni, si za kugombea, kwa hiyo AAU ilizipa uzito mdogo. Hili ni jimbo ambalo ng'ombe wanawazidi watu kama mara tatu. Ukiwaambia mahindi hayana hadhi umewatukania mama.

Na ndipo roho ikaniuma. Siyo kwa Nebraska.

Nilicheza mpira chuoni nyumbani, namba mbili, sikuwa mbaya. Chuo sikitaji. Mwaka wa pili tukaenda mashindano ya vyuo, safari mnaijua: basi, godoro sakafuni kwenye darasa la watu, wali maharage siku sita. Niliporudi nikakuta jaribio limefanyika. Nikamfuata mwalimu ofisini na barua ya ruhusa yenye mhuri. Hakuishika. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu akaniuliza, "Kijana, wazazi wako walikuleta kusoma au kucheza?" Nilikula sapu ile na bado naihisi kooni.

Kwetu mpira na maabara ni mitalaa. Kila mmoja anaamini mwenzake anamlia bajeti, na wote wawili hawajala. Timu ya chuo ikifungwa hakuna wa mtaani atakayejua. Utafiti wa chuo ukishinda, vilevile. Mtu wa kawaida chuo anakijua kwa mambo mawili: nani kapata mkopo na nani kakosa, na bumu, ile posho ya mkopo, limetoka au bado. Muulize dereva wa bodaboda chuo kilicho jirani yake kinatafiti nini. Atakuuliza kama unashuka au unaendelea.

Najua mnachotaka kuandika hapo chini. "Huyu kakaa Marekani miaka tisa sasa kila kitu cha kwetu kinanuka." Hapana. Kazi yangu hapa ni kupokea udongo kwenye mifuko ya karatasi, kuukausha, kuusaga, kuupima. Mtu anayeshinda kavaa aproni ya vumbi hana pa kuwekea majivuno. Na shikamoo nawapa wakubwa wote kabla sijaendelea.

Mwingine atasema, "Kaka, hao wana hela, sisi hatuna." Hela wanazo, kweli. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini mikataba ya televisheni ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Lakini hela haielezi fundi wangu. Fundi halipwi na televisheni. Yeye aliambiwa kwamba heshima ya timu anayoipenda imefungwa kamba moja na heshima ya maabara, akaamini, na tangu hapo anazifuatilia zote mbili kwa hasira ile ile. Uwanja wa Nebraska tiketi zinaisha kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Jumamosi ya mechi unakuwa mji wa tatu kwa watu jimboni, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Fikiria umati ule, halafu fikiria kuna sehemu yake inayojua profesa wa mahindi alionewa. Hapo hela inahusikaje?

Sasa msinishangilie haraka, maana na hawa wananichosha.

Septemba 2022 Nebraska walimfukuza kocha Scott Frost baada ya kufungwa nyumbani 45 kwa 42 na Georgia Southern. Mkataba ulisema ukimfukuza kabla ya Oktoba mosi unamlipa dola milioni 15. Ukisubiri hiyo Oktoba, milioni saba na nusu. Wiki tatu tu. Hawakusubiri. Siku ile nilikuwa kazini, tanuri letu la kukaushia udongo lina mlango tunaoufunga kwa waya, nikasoma habari ile kwenye simu nikautazama ule waya. Chuo kinachopigania kurudi mezani kwa wasomi!

Na hiyo meza ya wasomi isijifanye malaika. University of North Carolina ni mwanachama wa AAU tangu 1922. Uchunguzi uliotolewa 2014 ulikuta kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita kwenye madarasa ya jina tu, karibu nusu yao wanamichezo: hakuna kipindi, hakuna mwalimu, karatasi moja mwisho wa muhula na alama nono. Kiti chao AAU hakikutikisika. Mwalimu wangu wa sapu angezimia.

Halafu tazama Stanford na Berkeley. Kwa utafiti, nani anawafikia? Ligi yao ya Pac-12 iliposambaratika mwaka 2023, maprofesa wenye Nobel hawakuwasaidia kitu. Televisheni haikuona faida, Big Ten ikawapita kama haiwajui. Sasa wanacheza ligi ya Pwani ya Atlantiki, wao wanaokaa Pasifiki. Kwa hiyo utafiti ni kadi ya kukufikisha mlangoni, mwenye ukumbi bado anaangalia utatunza kiasi gani. Sijasema wao ni watakatifu. Nimesema mlangoni kadi inaulizwa. Kwetu hata mlango haupo.

Yuko na yule wa tatu, namheshimu kuliko wote, atakayesema mpira ubaki mpira na elimu ibaki elimu. Huyo nampeleka University of Chicago. Walikuwa waasisi wa Big Ten, mwaka 1935 mchezaji wao ndiye wa kwanza kupewa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani vyuoni. Rais wao Robert Hutchins akaona upuuzi, 1939 wakaufuta mpira wa Kimarekani, 1946 wakatoka ligini kabisa. Uwanja ukabaki mtupu. Tarehe 2 Desemba 1942, kwenye chumba cha mchezo wa skwoshi chini ya jukwaa la uwanja ule ule, Enrico Fermi na wenzake wakafanikisha mnyororo wa nyuklia wa kwanza duniani uliodhibitiwa na binadamu. Sawa, mzee, umeshinda. Ila utambue kwamba wale wenzao wa ligini hawakuwasahau: mwaka 1958 vyuo vya Big Ten vilipoanzisha ushirika wa kitaaluma, wa maktaba na masomo, Chicago waliitwa, wakakaa humo hadi 2016. Mpira ulikufa, undugu ukabaki. Sisi tuna undugu gani uliozaliwa na bonanza?

Kinachonikera zaidi ni kwamba damu ya kwetu imo humu. Suleiman Nyambui, Mtanzania, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa Texas, El Paso, na katikati hapo akaenda Moscow 1980 kuchukua medali ya fedha ya Olimpiki. Henry Rono wa Kenya, mwaka 1978, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Siku 81! Chuo chake hicho hakimo AAU. Pac-12 ilipovunjika, jirani yao Washington, wenye AAU, walipanda Big Ten. Washington State na Oregon State, wasio nayo, waliachwa wawili kwenye nyumba isiyo na paa. Sisemi AAU peke yake ndiyo iliyowaponza, televisheni ina mkono wake. Rono alifariki Februari 2024, ukiwa msimu wa mwisho wa ligi aliyoifahamu. Nimekutana hapa na watu wanaolijua jina lake ambao hawajui Kenya inapakana na nani.

Turudi kwa fundi. Amemaliza, anafuta mikono kwa kitambaa, maji yanatiririka vizuri. Ananiuliza, na nyumbani kwenu chuo kipo? Nikamwambia mimi ni wa Morogoro, pale kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kilimo? Macho yakamwaka, kilimo ndiyo lugha yake. Wanafanya nini? Nikamweleza habari ya panya buku: ndani ya eneo la chuo lipo shirika la APOPO linalowafunza panya kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja aliitwa Magawa, alifunzwa Morogoro akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Nikamwonyesha picha, panya kavaa medali shingoni.

Mzee akakaa chini, juu ya sanduku lake la spana. Akaitazama ile picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akaacha alama ya grisi kwenye kioo cha simu yangu. Kumbukeni timu anayoishabikia inaitwa Cornhuskers, wamenya mahindi, na hakuna anayeona aibu kulivaa jina hilo kifuani.

"Kwa hiyo timu yenu ya mpira," akaniuliza, hana hata chembe ya mzaha, "inaitwa Panya?"

Nikaenda kutafuta pochi nimlipe.