Tusiwabunie Wahispania wa kale nyimbo zao

Katedrali ya León, kaskazini mwa Hispania, ina kitabu cha nyimbo za ibada cha karne ya 10. Kurasa zake zimejaa alama za muziki, ndogondogo, zenye mikia na vipinda, juu ya maneno ya Kilatini. Aliyeziandika alijua anachofanya. Hata hivyo, melodia zake karibu zote hakuna awezaye kuziimba leo kama zilivyokuwa.

Alama hizo, neuma, zinaonyesha sauti inapopanda na inaposhuka, na silabi ipi imebebeshwa msururu mrefu wa noti. Inapanda kwa kiasi gani, hazisemi. Mwanakwaya wa kwetu aliyezoea solfa afikirie karatasi iliyofutwa do, re, mi zote, ikabaki mishale. Waimbaji wa wakati ule haikuwasumbua, kwani wimbo walikuwa nao kichwani. Isidoro wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, alishaandika kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu hupotea, kwa kuwa haziandikiki.

Kumbukumbu yenyewe ikaja kukatwa. Papa Gregori VII alitaka ibada ya Kiroma, mfalme Alfonso VI akaridhia, na mtaguso wa Burgos wa 1080 ukaiondoa liturujia ya zamani ya Hispania, yenye nyimbo hizo. Kati ya maelfu ya nyimbo, zinazosomeka kimo cha sauti ni ishirini na kidogo tu.

Nyingi ya hizo ni za mazishi, na hapo ndipo ninapopapenda. Katika mswada mmoja wa monasteri ya San Millán de la Cogolla, mtu alikwangua neuma za zamani, akaandika palepale noti za mtindo wa Aquitaine, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, zinazoonyesha kimo. Kwa nini mazishi? Nadhani watu hukubali kubadilishiwa Misa ya Jumapili kabla ya kukubali kubadilishiwa namna ya kuzika wazazi wao. Lakini hayo ni mawazo yangu.

Sasa kuna programu za kompyuta zinazofuata mkondo wa neuma na kutunga melodia kwa kuiga mapokeo mengine, yakiwemo ya Kigregoriani, yaani uimbaji wa ibada ya Kiroma. Ziimbwe, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale msikilizaji anapoambiwa tu kwamba anasikia Hispania ya kale. Kardinali Cisneros naye alifufua ibada hiyo ya kale pale Toledo, akachapisha misale, kitabu cha sala za Misa, mwaka 1500, na bado inaadhimishwa. Ila melodia za vitabu vyake vya kwaya, wataalamu wanaona, kwa sehemu kubwa si zile za kale.

Mimi nawaunga mkono watafiti kama wale wa Chuo Kikuu cha Bristol, wanaozisoma neuma kwa kile zinachosema kweli: neno gani limerefushwa, wapi sauti imetua, fungu lipi la noti linarudiwa wimbo hadi wimbo. Kazi hiyo haitoi albamu ya kuuza. Inatuonyesha mtunzi alitaka waumini wasikie neno gani, na hilo linajulikana hata bila noti moja kuimbwa.