Usiing'arishe tsuba ya Kijapani

Anayeisugua tsuba ya Kijapani mpaka ing'ae anaiharibu, na mapambo ya mimea ndiyo yanayoumia kwanza.

Tsuba ni kile kisahani cha chuma au shaba, kipenyo chake kama sentimita 7 au 8, kinachotenganisha mpini wa upanga na ubapa wake. Nyingi zenye maua hutengenezwa kwa shakudo: shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Ikiwa mbichi, huwezi kuitofautisha na shaba ya kawaida. Weusi wake, ule unaoelekea zambarau ukiuweka juani, haukupakwa. Fundi huondoa mafuta yote, huipaka maji ya figili nyeupe iliyokunwa, halafu huichemsha katika maji yenye chumvi za shaba huku akiigeuzageuza. Ikiguswa kwa kidole kabla ya kuchemshwa, baka linabaki.

Tazama kwa karibu majani ya vuli juu ya uwanja wa nanako. Uwanja wote ni vidoti vya mviringo, kimojakimoja vimegongwa kwa kalamu ya chuma yenye ncha iliyochimbika, kila kidoti chini ya milimita moja. Safu ikiyumba kidogo tu, jicho linaikamata. Juu yake shina la shibuichi, ambayo ni shaba yenye fedha kama robo, na ua la dhahabu. Vyote vinaingia chungu kimoja: shakudo inakuwa nyeusi, shibuichi kijivu, dhahabu inabaki vilevile. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kuliko hata uchongaji wa petali. Dawa ya kung'arishia shaba inaufuta kwa dakika chache, na unabaki na ua la njano juu ya shaba nyekundu.

Tsuba ya chuma nayo ina hatari yake. Katika nunome, fundi hukwaruza chuma mistari inayokatana, kisha hugandamiza karatasi ya dhahabu ishikwe na mikwaruzo hiyo. Hayashi Matashichi, fundi wa jimbo la Higo huko Japani, karne ya 17, alisifika kwa kazi hiyo. Brashi ya waya huing'oa.

Shakudo ifute kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu, basi. Kwenye chuma, kutu nyekundu inayochafua kidole ikwanguliwe polepole kwa kipande cha mfupa au pembe. Ile nyeusi, laini, iache. Na ukikaribia ukingo wa dhahabu, simama.